Diwali: Usiku wa Kufunga Daftari

Hotuba hii ilitolewa mbele ya majirani na wageni waalikwa jijini Dar es Salaam, wiki chache kabla ya Diwali ya 2026. Tunaiweka nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.

Wazee wangu, kina mama, majirani, nanyi vijana mliosimama mlangoni kwa sababu viti vimeisha: karibuni.

Nianze na wavuvi, au watoto wa wavuvi, kama wamo humu. Dagaa huvuliwa lini? Kwenye giza la mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, karabai haina kazi, dagaa hawaifuati. Mwezi ukishapotea kabisa, ndipo pale Mwanza unaona taa zimejipanga juu ya ziwa utadhani kuna mtaa. Basi mtu akikuuliza Diwali ni nini, mpe picha hiyo: usiku wenye giza kuliko yote katika mwezi, na safu ya taa. Jina lenyewe la Kisanskriti linasema hivyo. Dipa ni taa, avali ni safu. Dipavali.

Kila mwaka tunasoma kwamba Diwali ni “sikukuu ya taa”, na habari inaishia hapo. Si uongo. Lakini ni sawa na kusema Idi ni sikukuu ya pilau. Taa huwashwa ili kumulika kitu. Inamulika nini? Kwa Wagujarati, ambao ndio Wahindu wengi mnaoishi nao huku pwani, taa ile inamulika daftari. Ni usiku wa kufunga hesabu. Diwali ina swali moja, na nitawauliza tena na tena leo mpaka mchoke: nani anakudai?

Tuanze na tarehe, maana maulizo ni yale yale kila mwaka. Mbona mwaka jana ilikuwa 20 Oktoba na mwaka huu ni Jumapili, 8 Novemba? Waislamu waliomo humu watanielewa haraka. Miezi 12 ya mwandamo ina siku kama 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Kalenda ya Kiislamu haizifidii siku hizo, ndiyo maana Ramadhani huzunguka masika, kipupwe na vuli. Kalenda ya Kihindu huzifidia. Kila baada ya miezi kama 32 au 33 huongezwa mwezi mzima, unaoitwa adhik maas, mwezi wa ziada. Mwaka huu uliongezwa kati ya 17 Mei na 15 Juni. Bila mwezi ule, Diwali ingeangukia karibu na 10 Oktoba. Kwa hiyo hata kalenda inalipa deni lake: siku 11, siku 11, siku 11, halafu inalipa zote kwa mkupuo.

Kuna jambo jingine linalogombanisha watu. Siku ya Kihindu, tithi, haihesabiwi kwa saa 24. Huhesabiwa kwa mwezi kuachana na jua kwa nyuzi 12, na safari hiyo huchukua saa 19 hadi 26 hivi, kutegemea kasi ya mwezi. Tithi inaweza kuanza alasiri na kuisha alasiri ya kesho yake. Ibada ya Lakshmi, mungu wa kike wa mali, hutaka tithi ya giza, amavasya, iwepo jua linapozama. Mwaka 2024 huko India ilikuwepo jioni mbili, 31 Oktoba na 1 Novemba, na nchi ikagawanyika: wengine waliwasha Alhamisi, wengine Ijumaa. Je, hapa Dar? Hapa tithi ile ilikwisha kabla ya saa kumi alasiri ya Ijumaa, kwa hiyo Alhamisi haikuwa na mpinzani. Ndiyo sababu tunasema na tutazidi kusema: usichukue tarehe kwenye simu iliyopangwa kwa saa za Delhi. Chukua kalenda iliyopigwa kwa mji wako.

Na nyinyi mnaopenda kwenda kuwasha taa ufukweni, kumbukeni giza la mwezi ni bamvua. Maji yatajaa kupita kawaida. Pangeni taa juu, si pale mlipoketi wiki iliyopita.

Sasa tuingie nyumbani. Kabla ya duka kufunga hesabu, nyumba hufunga yake. Wiki mbili kabla, makabati husogezwa, magodoro hutolewa juani, vyombo vilivyovunjika hutupwa. Kisha inakuja siku ya kwanza, Dhanteras, siku ya 13 ya nusu ya giza, mwezi unapopungua. Dhan ni mali, teras ni kumi na tatu. Watu hununua kitu cha metali: mwenye uwezo dhahabu, wa kati sufuria, asiye nacho kijiko. Au hununua ufagio, na ufagio si mzaha, kwa wengi ni alama ya Lakshmi mwenyewe. Chombo kipya hakiingizwi nyumbani kitupu. Tia punje za mchele au maji kidogo, ndipo uvuke nacho kizingiti.

Kwa nini dhahabu? Sikilizeni kisa. Mfalme Hima alikuwa na mwana wa miaka 16, na wanajimu walisema atakufa kwa kuumwa na nyoka siku ya nne baada ya harusi. Bibi harusi hakulia. Usiku ule alikusanya mapambo yake yote, akayarundika mlangoni mwa chumba, akawasha taa kila kona, kisha akakaa kumsimulia mumewe hadithi na kumwimbia asilale. Yama, mungu wa mauti, akaja kwa umbo la nyoka. Mwanga wa taa juu ya dhahabu ukamtia kiwi. Akapanda juu ya lundo, hakuweza kupita, akabaki anasikiliza nyimbo hadi alfajiri. Saa yake ikampita, akaondoka. Hata mauti, ndugu zangu, alikuja na hati ya madai akarudi mikono mitupu!

Kutokana na kisa hicho, jioni ya Dhanteras taa moja huwekwa nje ya mlango, utambi umeelekezwa kusini, upande wa Yama. Ni taa hiyo tu inayoelekezwa kusini. Zilizobaki elekeza mashariki au kaskazini.

Na kwa kuwa tumeitaja taa, naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hukosea, halafu husema vijitaa vya udongo havifai na kwenda kununua vya umeme.

Kijitaa kipya cha udongo hunywa mafuta. Ukikijaza hivyo hivyo, baada ya nusu saa mafuta yameingia ukutani, mengine yametoka chini na kuchafua sakafu. Kiloweke majini kwa muda wa saa tatu au nne, kisha kikauke kivulini kabla ya kutumia. Udongo ulioshiba maji hauna njaa ya mafuta. 

Utambi ni pamba iliyosokotwa, isiyo na uzi wa nailoni. Upo mrefu wa kulala, wa mafuta, na upo mfupi wa kusimama wenye kitako kama ua, wa samli. Uchovye wote kwenye mafuta kwanza. Utambi mkavu huungua wenyewe kabla mafuta hayajapanda. Acha ncha itokeze nusu sentimita tu. Ukitokeza zaidi, taa inatoa moshi na ukuta unajaa masizi; ukitokeza kidogo mno, moto unazama. Mafuta yafike robo tatu ya kijitaa, yasifike ukingoni. Kijiko kimoja cha chakula huwaka saa mbili hadi tatu, kutegemea unene wa utambi.

Mafuta gani? Kaskazini mwa India hutumia haradali, kusini ufuta, na mbele ya sanamu hupendwa samli. Hapa pwani mafuta ya nazi yanafaa sana. Wenzetu wa Nairobi wana shida yao: chini ya nyuzi 24 hivi mafuta ya nazi huganda, na usiku wa Novemba kule ni baridi. Wao wachanganye na ya ufuta au watumie ya alizeti. Na kina mama, tafadhalini: ncha ya sari na mtandio hukamata moto upesi, hasa vile vya poliesta. Taa za sakafuni zipangwe kando ya ukuta, si katikati ya njia. Anayewasha aanzie mbali akirudi mlangoni, asiziruke zile alizokwisha kuwasha.

Siku ya pili ni Kali Chaudas, ya 14. Ni siku mungu Krishna alipomuua Narakasura, dhalimu aliyefungia zaidi ya wanawake 16,000. Kusini mwa India watu huoga kabla ya kucha wakiwa wamejipaka mafuta ya ufuta. Kwa Wagujarati kuna desturi ninayoipenda kuliko zote, na ambayo huku inaeleweka vibaya. Mama wa nyumba hukaanga vada, aina ya bajia, huenda nazo njia panda, huziweka chini, huchora duara la maji kuzizunguka, kisha hurudi nyumbani bila kutazama nyuma. Anatupa nini? Anatupa kakalat, yaani ugomvi wa nyumbani, kununa na kusutana kwa mwaka mzima. Kwa hiyo ukikuta bajia njia panda asubuhi ya Diwali, usikimbilie kusema uchawi. Ni magomvi ya jirani yako, ameyaacha pale.

Sasa tumefika. Diwali yenyewe, jioni ya giza. Nani anakudai?

Hadithi ya Rama kurudi Ayodhya baada ya miaka 14 uhamishoni, watu wakamwashia taa, mnaijua, watoto wanaiigiza shuleni, sitairudia. Usiku huo huo Wajaini wanaadhimisha kufariki kwa mwalimu wao mkuu, Mahavira, pale Pavapuri, Masingasinga wanakumbuka kiongozi wao Guru Hargobind alivyotoka gerezani Gwalior pamoja na wafalme 52, Wabengali wanamwabudu Kali. Giza moja, kila mtu na taa yake. Mimi narudi dukani.

Ibada ya daftari huitwa chopda pujan. Daftari la jadi ni refu, limevikwa kitambaa chekundu na kufungwa kwa kamba. Hununuliwa kabla, na hakuna anayeandika ndani yake hata nukta. Jioni huwekwa juu ya kitambaa safi, pamoja na kalamu. Ukurasa wa kwanza huchorwa swastika kwa kumkum, ule unga mwekundu. Alama hii ni ya kale mno, ina maana ya heri, na haihusiani na yale aliyoyafanya Hitler. Pembeni huandikwa Shubh, heri, upande huu, na Labh, faida, upande ule. Angalieni mpangilio: heri inaandikwa kwanza. Chini yake neno Shri hupangwa kama piramidi: juu moja, mstari wa pili mbili, wa tatu tatu, mpaka saba au tisa. Ukifika saba umeandika Shri 28, ukifika tisa 45. Ukikosea hesabu hapo, mwaka wako wa hesabu unaanza vipi? Kwa hiyo mzee mwenye mkono mtulivu ndiye hupewa kalamu.

Juu ya ukurasa huwekwa jani la tambuu, popoo na sarafu. Kando kuna chungu cha shaba chenye maji, majani matano ya mwembe na nazi juu yake. Huabudiwa watatu: Ganesha anayeondoa vikwazo, Lakshmi wa mali, na Saraswati wa elimu. Wengi humsahau huyu wa tatu. Mali bila elimu ya kuiandika itakaa wapi? Siku hizi pale penye daftari kuna kompyuta ya mkononi yenye nukta nyekundu juu ya kifuniko. Hakuna ubaya, ila kumkum iwe kavu na ipakwe kwenye kifuniko, isiingie kwenye vitufe. Kila mwaka kuna kompyuta inayokufa kwa maji ya ibada.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa habari ya daftari hili. Duka, bima, hundi, laki: maneno haya tuliyabadilishana kaunta kwa kaunta. Katika karne ya 19 nyumba ya biashara ya Jairam Shewji, yenye asili ya Kutch kule Gujarat, ilikodi ushuru wa forodha wa Zanzibar kwa miongo kadhaa. Tazameni na upepo: majahazi ya Kutch yalishuka huku kwa kaskazi, na kaskazi hushika baada ya Diwali. Hesabu ya mwaka inafungwa, bahari inafunguka. Wahenga wa huku walisema usiku wa deni haukawii kucha. Nadhani aliyesema hivyo alikuwa na jina lake kwenye daftari jekundu.

Serikali ya India ilishahamishia mwaka wake wa fedha kwenye Aprili, na hapa kwetu TRA, mamlaka ya mapato, haiulizi Samvat, yaani mwaka wa kalenda ya Kihindu. Kwa wengi basi daftari jekundu limebaki ibada. Lakini soko la hisa la Bombay hufungua biashara ya saa moja kwa ajili ya Diwali tangu 1957, na mizania haifungwi kwa kodi peke yake. Mwenye duka anayejua maana ya siku hii hupitia majina: aliyelipa nusu, aliyefiwa asiyeweza kulipa, yule ambaye wewe ndiye unayemdai kwa kelele lakini kwa kweli yeye ndiye anayekudai.

Kisa cha pili. Mfalme Bali alishinda dunia zote tatu na alikuwa mkarimu hakuna mfano. Akamjia mbilikimo, mwanafunzi wa dini, akaomba ardhi ya hatua tatu. Mwalimu wa mfalme akamnong’oneza: huyu ni mungu Vishnu, usikubali. Bali akasema: nimeshatamka. Mbilikimo akakua. Hatua ya kwanza ikafunika dunia, ya pili mbingu. Akauliza: ya tatu niiweke wapi? Bali angeweza kusema mkataba una hila. Angeweza kusema nimedanganywa kuhusu urefu wa mguu. Akainamisha kichwa: iweke hapa. Akashushwa chini ya ardhi, lakini akapewa ruhusa ya kurudi siku moja kila mwaka, na siku hiyo, Maharashtra na Karnataka, ni siku ya kwanza ya mwezi wa Kartik, ambayo kwa Wagujarati ndiyo mwaka mpya. Yaani mwaka unaanza kwa kumkumbuka mdaiwa aliyelipa.

Mwaka huu kuna kitu cha kuwa macho. Mwaka mpya si tarehe 9, ni tarehe 10 Novemba. Amavasya inaendelea mpaka saa nne asubuhi ya tarehe 9 kwa saa zetu, kwa hiyo siku hiyo bado ni ya mwezi wa zamani. Wagujarati huiita dhoko, siku tupu. Si Diwali, si mwaka mpya. Msiende kupongezana, mtawakuta watu wamelala. Tarehe 10 alfajiri ndiyo Samvat 2083 inaanza. Huko Gujarat watoto hupita kabla ya kucha wakiuza chumvi, iitwayo sabras, na ndiyo manunuzi ya kwanza ya mwaka. Salamu ni “Saal Mubarak”. Mubarak mnaijua. Mkono wa mtoto hupewa pesa, na pesa ya heri huishia na moja: 21, 51, 101. Namba kamili imekwisha, yenye moja inaendelea.

Mahekalu siku hiyo hupanga Annakut, mlima wa vyakula, kwa kumbukumbu ya Krishna aliyeinua mlima Govardhan siku saba kuwakinga watu na mvua. Msiondoke bila kuonja.

Kuhusu chakula nitasema kimoja tu, ladu za unga wa dengu, kwa sababu nimeombwa. Unga nusu kilo, samli gramu 250, sukari ya unga gramu 400, iliki punje saba zilizotwangwa. Kaanga unga ndani ya samli kwa moto mdogo, dakika 25 hadi 30, bila kuacha kukoroga. Mwanzoni utakuwa mzito kama udongo, usiongeze samli! Baadaye utalegea wenyewe na kunukia kama korosho za kuchoma. Epua, acha upoe mpaka kidole kivumilie, ndipo utie sukari na iliki. Ukitia sukari ukiwa moto, inayeyuka, na ladu inakaa kama uji, haishikiki. Ukiepua mapema, inanata kwenye meno na ina ladha mbichi. Utapata kama 30.

Fataki? Hazimo katika ibada. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya India ilizibana ndani ya saa mbili, kuanzia saa mbili hadi saa nne usiku, kwa sababu ya moshi. Mbwa wa mtaa wetu wangependa uamuzi kama huo.

Siku ya mwisho ni Bhai Beej, tarehe 11. Yama yule yule wa mlangoni alikuwa na dada, Yamuna, aliyemwalika miaka na miaka asiende, kazi nyingi. Siku alipokwenda, dada alimpaka alama kwenye paji la uso na kumlisha. Ndiyo maana siku hii kaka ndiye anayemwendea dada, anakula kwake na kumwachia zawadi. Kina kaka mliokaa huku nyuma, nani anakudai?

Kwa mlioalikwa majumbani: viatu vinavuliwa nje. Msilete nyama, pombe wala keki yenye mayai. Matunda yanatosha kabisa. Pokea kwa mkono wa kulia. Taa ya ibada ikizungushwa na kuletwa mbele yako, pitisha viganja juu ya moto kisha uviguse usoni, au ukipenda inamisha kichwa tu, hakuna atakayeudhika. Usiizime kwa pumzi. Iache imalize mafuta.

Ladu ziko meza ya nyuma. Za sahani ya kushoto zina lozi, wenye mzio wachukue za kulia. Na vijitaa vya kwenye ndoo vimeshalowekwa tangu asubuhi, kila mtu achukue viwili. Saal Mubarak, na asanteni.